Tangi Lililobonyea



Jumapili hii ni ya pili ya Pasaka, Jumapili ya Huruma ya Mungu. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliiingiza kwenye kalenda ya Kanisa zima mwaka 2000, siku ileile alipomtangaza Faustina Kowalska kuwa mtakatifu. Injili yake haibadiliki. Iwe mwaka A, B au C, utakutana na Tomaso yuleyule (Yoh 20:19-31), na kila mwaka atasemwa. Nimeshasikia mahubiri mengi ya "usiwe kama Tomaso", na hata mimi niliwahi kutoa tafakari ya namna hiyo kwa vijana wa VIWAWA, nikapigiwa makofi. Mwaka huu naomba nimtetee. Utetezi wangu unaanzia mahali pa ajabu kidogo: kwenye meza ya jikoni nyumbani kwetu Mgwashi, mbele ya pikipiki ya plastiki yenye urefu wa sentimita 18.

Kwa wasiopajua, Mgwashi ni huku juu milimani, Usambara, upande wa Bumbuli. Kutoka Mombo unapanda na lami hadi Soni, halafu unaiaga lami. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka mpaka mlangoni, na saa nne asubuhi bado mtu kajifunika blanketi. Wakatoliki tuko wachache. Majirani zetu wengi ni Waislamu na Walutheri, na tunazikana na kualikana harusini bila shida. Kitu kinachotubeba sote ni pikipiki. Mgonjwa, mbolea, majani ya chai, mabati, hata bibi harusi, wote hupita juu ya Boxer.

Kaka yangu alikuwa dereva wa Boxer, ya mkataba. Mnajua mambo ya mkataba: tajiri ananunua chombo, wewe unapeleka hesabu, na siku zikitimia chombo kinakuwa chako. Yake ilikuwa shilingi 7,000 kila siku kwa miezi 14, mvua inyeshe isinyeshe. Kilichozidi juu ya hesabu ndicho mama alichokula, na ndicho kilichonipa nauli, sabuni na madaftari nikiwa nasoma falsafa Kibosho. Masika ya mwaka juzi, zikiwa zimebaki siku 40 (sichagui namba hii kwa ajili ya Biblia, ndivyo ilivyokuwa), aliteleza kwenye tope, kwenye kona moja kabla ya daraja. Mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili. Akalala wodini wiki sita. Hesabu ikasimama, tajiri akaja kuchukua pikipiki yake, na mkataba ukaishia hapo.

Nilipokuja likizo mwaka ule nilimkuta amenyamaza. Kijiweni haendi, Misa haendi, anakaa karibu na moto na fimbo yake. Mimi nikafanya kile ambacho frateri wa falsafa hufanya: nikamhubiria. Nilikuwa nimetoka kusoma habari ya uovu, kichwa kimejaa Augustino. Nikamweleza kwamba uovu si kitu kilichopo chenyewe, ni upungufu wa wema uliopaswa kuwepo. Akautazama mguu wake, kisha akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo huu haujavunjika?"

Sikuwa na jibu. Likizo ikaisha tukiwa tunasalimiana tu: shikamoo kaka, marahaba, basi.

Sasa boksi. Mwaka uliofuata, kwenye parokia niliyokuwa natumwa siku za Jumapili, alifika mgeni mmoja, mzee kutoka Ujerumani. Alikuwa amezoea tangu ujana wake kuunganisha pikipiki ndogo za plastiki. Wenzetu huko wanafanya hivyo watu wazima kabisa, tena kwa umakini wa fundi saa. Hii moja alikuwa ameitunza miaka mingi bila kuifungua, na siku hizi mikono yake inatetemeka. Akanipa. "Wewe una mikono ya kijana," alisema. Nikaichukua kwa heshima tu, nikaitia kwenye begi, na mwezi wa sita ikapanda nami hadi Mgwashi.

Ilikuwa Honda CB750F ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya Shizuoka iliyoanza na mbao kabla ya kutoa kielelezo chake cha kwanza cha plastiki mwaka 1960. Kwenye boksi imeandikwa 1/12, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara kumi na mbili. Pikipiki halisi ina mita mbili na ushei. Hii inalala kwenye kiganja na kuchungulia kidogo kwenye vidole. Ndani hukuti pikipiki. Unakuta vipande vimeshikamana kwenye vijiti vya plastiki kama ndizi kwenye mkungu, kila kimoja na namba yake, matairi ya mpira, skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, stika za kuloweka kwenye maji, na karatasi ya maelekezo. Gundi hamna. Rangi hamna. Hivyo ni juu yako.

Nilianza peke yangu usiku, kwa wembe na taa ya sola. Unakata kipande, unakisugua msasa pale kilipoachana na kijiti, unakiunganisha na mwenzake. Injini kwanza, halafu fremu, halafu magurudumu. Gundi inayotakiwa ni ile inayoyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kimoja. Mimi nilinunua supa gluu dukani. Asubuhi nikakuta injini yote imeingia utando mweupe, kama imepigwa na ukungu wa Mgwashi. Nikalaani kidogo, Mungu anisamehe.

Kaka alikuwa anatazama toka kule motoni. Siku ya tatu akasema, "Hiyo silinda umeifunga kinyume."

Kweli. Akavuta kigoda akasogea. Akashika injini kwa vidole viwili, akaigeuza mbele ya taa. "Silinda nne," akasema. "Hii itakunywa mafuta yote ya Bumbuli." Akacheka. Ndugu zangu, nilikuwa sijamsikia akicheka kwa mwaka mzima na zaidi.

Basi hapo ndipo kazi ilipogeuka. Kaka hakutaka Honda. Alitaka Boxer, tena Boxer yake. Tukaanza kuiharibu ile pikipiki ya watu ili kuitengeneza ya kwetu. Boxer ina silinda moja, kwa hiyo tatu zikakatwa kwa wembe, na mabomba ya egzosi yakabaki moja upande wa kulia. Honda ile ina diski mbili za breki mbele, zikatolewa. Kerieri tuliikunja kwa waya wa hanga uliopashwa moto. Siti ndefu ilichongwa kutoka kwenye kisigino cha ndala ya zamani, na hapo nikakumbuka kwamba magurudumu ya gari langu la kwanza la waya yalitoka kwenye ndala pia, na ni yeye aliyenitengenezea nikiwa darasa la pili. Rangi nyekundu ilitoka kwenye chupa ya rangi ya kucha ya dada yetu. Tahadhari kwa atakayejaribu: rangi ya kucha inakula plastiki. Tangi likavimba malengelenge, ikabidi tusugue tena na kurudia kwa tabaka nyembambanyembamba. Rimu tuliziacha kama zilivyokuja, spoku zilitushinda.

Karatasi ya maelekezo tuliitia motoni, kwa sababu haikutufaa tena. Maelekezo yote yalikuwa kichwani kwa kaka. Kioo cha kushoto kilikuwa kirefu kuliko cha kulia, alisema, kwa sababu alikinunua kwa mtu. Taa ya nyuma ilifungwa kwa raba ya tyubu. Nilishangaa. Mimi nilikuwa nimepanda pikipiki ile mara mia, na nilichokijua ni kwamba ni nyeusi na nyekundu.

Siku moja jioni akaipekua boksi tupu, akaitikisa. "Dereva yuko wapi?"

Nikamwambia hakuna dereva, boksi hili lina pikipiki tu.

Akanyamaza kitambo. Halafu akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma bei ya kitu: "Ndivyo ilivyo. Siku ile nilipoanguka, aliyefika wa kwanza aliinua pikipiki. Tajiri alipopigiwa simu aliulizia pikipiki. Na wewe pia."

"Mimi?"

"Ulinipigia jioni, niko wodini. Nikakwambia nimepata ajali, mguu umevunjika. Ukaniuliza, *na pikipiki je, imepona?*"

Wapendwa, nilikuwa nimesahau kabisa. Lakini alipoitamka ile sentensi niliisikia sauti yangu mwenyewe ndani yake. Nilikuwa nimesimama nje ya maktaba, natakiwa kulipia kitu fulani wiki ile, sikumbuki hata ni nini. Na niliuliza. Kwa mwaka mzima nilidhani kaka yangu amemkasirikia Mungu, nikamwandalia hoja za kumtetea Mungu, kumbe kidonda kingine nilikuwa nimekitia mimi.

Nilipiga magoti pale jikoni, juu ya vipande vya plastiki. Sikuwa napanga kupiga magoti, miguu ilifanya yenyewe. Nikamwambia, kaka, nisamehe, nilikosa. Akasema, "Inuka, utapasua taa ya mbele." Ndicho alichosema. Na kweli nilikuwa nimeikalia taa ya mbele.

Ngoja sasa nirudi kwa Tomaso.

Sisi tunamkumbuka kwa kutoamini. Lakini soma tena aliomba nini. Wenzake kumi wamemwambia wamemwona Bwana. Yeye anataka alama za misumari na ubavu uliochomwa. Angeweza kuomba mengine. Angeweza kuuliza ufalme je, tutaupata? Vile viti kumi na viwili je? Wenzake waliwahi kugombania viti (Mk 10:35-41). Tomaso anauliza habari ya mikono. Anauliza walipompiga, walimpiga wapi. Kwake yeye, kama huyo mliyemwona hana majeraha, basi mmeona mtu mwingine, au mmeona mfano tu wa Yesu, mzuri, laini, umetoka kwenye boksi. Na Bwana hakukasirika. Alikuja wiki moja baadaye, milango imefungwa, akampa alichokiomba (Yoh 20:27). Ndiyo, Bwana aliwaita heri wale ambao hawajaona wakaamini, sifuti hilo. Nasema tu kwamba kaka yangu alipoanguka, Tomaso angeulizia mguu. Mimi niliulizia pikipiki.

Na hapa Kiswahili chetu kinanisaidia. Neno "mfano" limebeba mizigo kuliko bodaboda yoyote. Mfano ni kielelezo kama kile cha Tamiya. Mfano ni hadithi ya Yesu, ya mpanzi au ya mwana mpotevu. Na Biblia zetu zinapotuambia tumeumbwa kwa sura ya Mungu (Mwa 1:26), neno ni hilohilo, mfano. Nilipokuwa nasoma nilidhani maana yake ni kwamba Mungu ana umbo moja kamili la mtu kichwani, na sisi wote ni nakala zake, zingine zimetoka vizuri, zingine zimetoka na kasoro. Hivyo ndivyo plastiki inavyofanya kazi: kuna kalibu ya chuma, plastiki iliyoyeyuka inasukumwa ndani, na boksi la elfu moja linafanana na la kwanza. Lakini hebu angalia Mwanzo 2:7. Hakuna kalibu. Kuna udongo na mikono. Zaburi ya 139 inasema habari ya kusukwa tumboni mwa mama, kama mtu anavyosuka mkeka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, Tomaso wangu wa pili, anafundisha kwamba Mungu hajui tu "ubinadamu" kwa ujumla. Anamjua kila mmoja peke yake. Nilikariri fundisho hilo kwa ajili ya mtihani na nikapata alama nzuri. Wakati huohuo kaka yangu nilimjua kwa ujumla. Nilikuwa na kielelezo chake kichwani, kipimo 1/12, kiitwacho Kaka Anayetuma Nauli. Alipovunjika, nilitaka tu kukirudishia kipande kilichopungua.

Kilichobaki ni tangi. Tulilisugua, likapakwa rangi tabaka nne, likang'aa. Kusema kweli ndiyo sehemu pekee ya kazi ile niliyoifanya vizuri. Nikaliweka mahali pake, nikarudi nyuma kulitazama. Kaka akasema, "Bado."

"Bado nini?"

"Tangi la kwangu limebonyea. Upande wa kulia, hapa, pale goti linapokaa. Nilianguka nalo mwaka wa kwanza, nimebeba saruji."

Nikamwomba. Kaka, limetoka vizuri, tuliache. Wapi. Akachukua msumari, akaushika kwa plaizi, akauweka kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu. Halafu akauleta karibu na tangi bila kuligusa, plastiki ikalainika, akabonyeza kwa kichwa cha msumari, kidogo sana. Kulikuwa na harufu mbaya. Akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, akasema, "Hii sasa ndiyo yenyewe."

Akwino anauliza swali hilihili kwenye Summa, Sehemu ya Tatu, swali la 54: je, mwili wa Kristo mfufuka ulipaswa kuwa na makovu? Unaona ugumu wake. Mwili mtukufu, usiokufa tena, mbona una matundu? Si kasoro hiyo? Anajibu kwamba ilifaa yabaki, na sababu mojawapo ni utukufu wa Kristo mwenyewe: ni alama za ushindi wake. Na kabla yake Augustino, kwenye kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, alidhani kwamba mashahidi huko mbinguni huenda tutawaona na alama za mateso yao, na hazitakuwa ubaya kwao, zitakuwa heshima. Niliisoma sehemu hiyo mara mbili seminarini. Niliielewa nikiwa na harufu ya plastiki iliyoungua puani.

Sisemi kwamba Mungu ndiye aliyemwangusha kaka ili apate kovu la heshima. Tafadhali tusiwaambie watu hivyo, hasa tukiwa tumekwenda kuwaona wodini. Tope ndilo lililomwangusha, na barabara ile mbovu. Ninachokisema ni kwamba Yesu alipotoka kaburini hakurudi kwenye kalibu. Alikuja na mwili wake yeye, uliopigiwa misumari Ijumaa, na wenzake walimtambua. Mungu atakapomwinua kaka yangu siku ya mwisho, naamini atamwinua yeye, mwenye kioo kirefu upande wa kushoto. Kijana unayesoma hapa na unajiona umebonyea mahali, na unadhani kwanza ujisugue msasa ndipo uje mbele za Bwana, milango ilikuwa imefungwa siku ile na bado aliingia. Na kama una ndugu, rafiki au dereva wa kijiwe chenu aliyeumia, nenda kamuulizie mguu. Nenda wiki hii. Habari ya pikipiki itakuja yenyewe.

Likizo ilipoisha niliiacha pikipiki kwake. Dada alinisimulia kwamba Jumapili iliyofuata, badala ya kanisani, kaka aliipeleka kijiweni, mara ya kwanza kufika pale tangu ajali, na madereva wakabishana juu yake mpaka mchana. Mmoja alisema kerieri imekaa juu mno. Misa bado hajaenda, na nimeacha kumuuliza. Ninapopiga simu siku hizi namuuliza mguu. Baridi ikizidi unamuuma pale chini ya goti, hata miti ikiyumba tu kwa upepo wa jioni anajua kesho ni mvua.

Wiki ya Mateso alinitumia picha kwa WhatsApp. Pikipiki iko kwenye kizingiti cha dirisha, nyuma yake ukungu. Juu ya siti ya ndala amekaa mtu wa waya, amevishwa kipande cha kitambaa cha ile jaketi yake kuukuu. Mguu wa kulia umepinda kidogo nje, haukukaa sawasawa kwenye pedali. Chini ameandika: "Dereva huyo. Sentimita 14, nimepima."

Tuombeane.

Frateri wenu